Usifute kadi bado

Studio ninayofanyia kazi ipo Sinza, ghorofani juu ya duka la vipodozi, na riziki yetu inatoka kwenye video za harusi. Kamera ikiibiwa inauma, lakini inanunuliwa nyingine. Kisichonunulika ni kadi, zile memori kadi zinazorudi usiku wa Jumamosi zikiwa zimebeba nikahi au misa ya ndoa, mashangazi wakicheza, baba akisoma hotuba huku karatasi inamtetemeka mkononi. Maharusi hawawezi kurudishwa ukumbini wiki ijayo eti kwa sababu folda imegoma kufunguka.

Niliajiriwa kuhariri. Kwa kuwa nilijua Linux kidogo tangu chuoni, ule mfumo endeshi wa kompyuta unaotumika badala ya Windows, nikajikuta ndiye mlinzi wa kadi. Na mzigo wenyewe si mdogo: kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde inatoa gigabaiti 45 kwa saa. Weka kamera tatu, anzia saluni bibi harusi anapopambwa asubuhi, malizia kwenye keki usiku, utavuka gigabaiti 300 bila kushtuka. Kuna misimu ambayo shughuli zinabanana, majuma ya mwisho kabla ya Ramadhani na Kwaresma, kisha Desemba ambapo kila mtu anataka kuoa. Jumamosi harusi, Jumapili sendofu ya watu wengine, na kadi ni zilezile. Kijana wa kamera anasimama mlangoni akiwa na begi mgongoni: "Kaka, nishafute?" Nami nina jibu moja tu la kumpa: "Usifute kadi bado."

Zamani jibu lilikuwa tofauti. Mtu alifungua madirisha mawili, akaburuta folda kutoka huku kwenda kule, akashuka kwenda kula chipsi mayai. Akirudi, mstari wa kijani umejaa, basi kazi imekwisha. Shida ya Dar ni umeme. Ukikatika katikati, yupiesi yetu iliyochoka, ile betri ya akiba, inapiga kelele dakika chache na kuzima. Umeme ukirudi, unakuta faili la mwisho lipo mahali pake, lina jina lake kamili, lina ikoni yake, ila ndani limeishia nusu. Ukianza kuburuta upya, kompyuta inakuuliza: faili hili tayari lipo, niliruke au nilibandike juu? Saa nane za usiku, mtu mwenye usingizi anabonyeza ruka. Nusu faili imepata uraia.

Amri tunayoishi nayo sasa ni rsync, programu ya kunakili mafaili kwa kuandika maneno badala ya kuburuta. Iliandikwa na Andrew Tridgell na Paul Mackerras huko Australia, ikatangazwa mwaka 1996, na umaarufu wake unatokana na ujanja wa kulinganisha faili lililo huku na lile lililo upande wa pili wa mtandao, kisha kutuma vipande vilivyobadilika tu. Wanaoisifu huishia hapo. Kwenye meza yetu ujanja huo haufanyi kazi yoyote, maana ukikopi kutoka kadi kwenda diski ndani ya kompyuta ileile, rsync huandika faili zima bila kuhangaika na vipande. Mimi naipendea tabia nyingine isiyosemwa sana. Inapokopi, haianzi kwa kutumia jina halisi la faili. Inaandika kwanza kwenye faili la muda, jina lake likianza na nukta na kuishia na herufi za kubahatisha, na ni likikamilika tu ndipo linapewa jina lake. Umeme ukikatika, kile kipande kinabaki kimefichwa chini ya jina la ajabu. Ukirudia amri ileile, inapita juu ya mafaili yaliyokwisha kukamilika, inaendelea na yaliyobaki. Hakuna swali la ruka au bandika. Kitu pekee cha kukumbuka ni kufagia vile vipande vyenye nukta, maana vinakula nafasi kimyakimya. Amri ya `ls -a` inavionyesha.

Kwanza tunaiuliza itafanya nini kabla haijafanya:

```
mkdir -p /nakala/2024-08-17/kamera-A
rsync -rtvn /media/studio/KADI_A/ /nakala/2024-08-17/kamera-A/
```

Ile `n` ya mwisho ni ya majaribio. Inachapisha orodha ya yatakayokopiwa bila kugusa chochote. Nikiridhika naitoa `n`, narudia. Na ile alama ya mkwaju mwishoni mwa KADI_A si pambo: ikiwepo, inachukua vilivyomo ndani ya folda, ukiiacha, inachukua folda yenyewe pamoja na jina lake, na unajikuta una kamera-A/KADI_A. Hakuna kinachopotea kwa kuiacha, lakini wiki ijayo mtu mwingine ataikopi kwa mkwaju, na utakuwa na nakala mbili za harusi moja katika ngazi mbili tofauti, diski imejaa na hakuna anayethubutu kufuta mojawapo.

Tunakopi kadi nzima. Vijana wapya hupenda kuchagua mafaili ya video tu na kuacha vifolda vidogo vinavyoonekana havina maana. Baadhi ya kamera huweka humo taarifa za kila klipu, na programu ya kuhariri huzihitaji kuunganisha klipu ndefu iliyokatwa vipande. Diski ni rahisi kuliko kubishana.

Ninatumia `-rt`, yaani folda na vyote vilivyomo pamoja na tarehe zake, badala ya `-a` ambayo utaiona kila mahali, kwa sababu diski zetu nyingi za nje zina exFAT, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski, ili zisomeke pia kwenye kompyuta za Windows. `-a` inajaribu kuhifadhi mwenye faili, kundi lake na ruhusa zake, mambo ambayo exFAT haiyajui, na unaishia kupata msururu wa malalamiko kwenye skrini. Malalamiko yasiyo na maana ni hatari kwa sababu yanazoesha macho kutosoma. Kwa flashi za zamani zenye FAT32 kuna mawili zaidi: haipokei faili linalofika gigabaiti 4, na saa yake inahesabu kwa hatua za sekunde mbili, hivyo rsync inaweza kudhani kila kitu kimebadilika na kukopi yote upya. `--modify-window=1` inaituliza.

Sasa nifike kwenye lile swali la kijana mlangoni, kwa sababu ndipo tulipotumia nguvu nyingi na ndipo wengi hawafiki.

rsync ikimaliza bila kosa, maana yake ni kwamba imeandika. Ikirudiwa, inaangalia ukubwa wa faili na tarehe yake ya kubadilishwa. Vikilingana, inasema sawa. Haijafungua faili kuona ndani. Kadi inayoanza kuchoka, waya wa USB wa bei ya chee, diski yenye doa, vyote vinaweza kukupa faili lenye ukubwa sahihi, tarehe sahihi, na picha zilizochanika dakika ya arobaini, hapohapo padri anapouliza kama kuna mwenye pingamizi. Kwa hiyo tunachukua alama ya kila faili kutoka kwenye kadi yenyewe:

```
cd /media/studio/KADI_A
find . -type f -exec sha256sum {} + > ~/alama/2024-08-17-A.txt
```

Kila faili linapata mstari wa herufi na tarakimu 64. Biti moja ikibadilika, mstari unabadilika wote. Kisha tunakwenda kwenye nakala:

```
cd /nakala/2024-08-17/kamera-A
sha256sum -c --quiet ~/alama/2024-08-17-A.txt
```

Ikinyamaza, kila faili limelingana. Ikisema FAILED, jina la faili lipo hapo, na kadi bado ipo mkononi mwangu.

Kuna mtego hapa ambao sikuusoma kwenye maelezo mengi. Linux hukiweka kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kile ilichokisoma au kukiandika punde. Ukikagua dakika ileile uliyomaliza kukopi, hasa kwa kadi ndogo, unaweza kuwa unasoma kumbukumbu ya kompyuta na siyo diski. Alama zitalingana vizuri kabisa, na diski hujaigusa. Kwa hiyo tunaitoa diski kwa `umount`, ambayo pia inalazimisha maandishi yote yaliyokuwa yakisubiri yafike, tunaichomoa, tunaichomeka tena, ndipo tunakagua. Inachukua muda. Kijana analalamika kwamba Jumapili inaanza saa nne asubuhi na yeye anakaa Mbagala. Nilimwambia bosi anunue kadi za ziada badala ya kunishinikiza nifupishe ukaguzi. Alinung'unika, akanunua. Hiyo ndiyo pesa iliyotuliza usiku wetu kuliko programu yoyote.

Ukaguzi huohuo ulitusaidia na wateja. Alikuja mama mmoja wa bibi harusi kuchukua video, akiwa na flashi yake mwenyewe aliyoinunua Kariakoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja na flashi, TB moja. Niwekee zote, na za kitchen pati."

Flashi ya terabaiti moja kwa bei aliyonitajia haiwezekani, lakini huwezi kumwambia mtu mzima hivyo bila ushahidi. Nikamwomba akae, nikamletea maji, nikaendesha f3probe. Kifurushi cha f3 kimetengenezwa kwa kazi hiyo tu ya kukamata flashi na kadi za uongo. Baada ya muda mfupi ikaonyesha ukubwa uliotangazwa na ukubwa halisi, na ule halisi haukufika gigabaiti 30.

"Mbona ukiifungua inasema TB moja?" akauliza.

"Kipande kinachoidhibiti kimefundishwa kusema hivyo, mama. Utaweka video zote, majina utayaona yote, maana orodha ya majina inakaa mwanzoni. Ila kilichozidi nafasi halisi kinatupwa au kinaandikwa juu ya kingine."

Alikaa kimya, kisha akauliza kama muuzaji alijua. Sijui muuzaji gani wa barabarani anafahamu f3. Tulimuuzia ya kwetu, tukaijaza, tukakagua alama mbele yake, akasubiri mpaka skrini iliponyamaza. Tangu hapo flashi ya mteja haipokei video kwetu kabla ya kupimwa, hata ikiwa na boksi zuri.

Mambo mengine niliyajua kwa kuona ya wenzangu. Jamaa mmoja anashughulikia kompyuta za ofisi ya uhasibu kule Posta. Alikuwa na skripti ya rsync, yaani amri zilizoandikwa kwenye faili, inayojiendesha usiku kwa cron, kipanga ratiba cha Linux, kutoka diski ya kazi kwenda diski ya bakapu, ikiwa na `--delete` ili kile kilichofutwa kwenye asili kifutwe na kwenye nakala. Nadhifu. Usiku mmoja diski ya kazi haikupachikwa, yaani mfumo haukuifungua kwenye folda yake, baada ya umeme kurudi. Folda yake ilikuwepo, tupu, maana mahali pa kupachikia ni folda ya kawaida tu. rsync ikaona asili haina kitu, ikafanya nakala ifanane nayo. Ilitii ilichoambiwa, neno kwa neno. Bahati yao diski ya kazi yenyewe ilikuwa nzima, ilihitaji kupachikwa tu.

Kinyume chake nacho kipo: diski ya bakapu isipopachikwa, rsync inaandika kwa bidii kwenye folda tupu ndani ya diski ya mfumo mpaka ijae, na asubuhi kompyuta inagoma kuwaka vizuri huku kila mtu akiamini bakapu ilifanyika. Kwa hiyo skripti yetu inaanza na mistari hii kabla ya lolote, na diski mojawapo isipopachikwa inaishia hapo:

```
mountpoint -q /kazi || exit 1
mountpoint -q /nakala || exit 1
```

Na `--delete` sikuiweka peke yake. Inafuatana na `--max-delete=50`, ili ikikutana na msiba isifute zaidi ya mafaili hamsini, na `--backup --backup-dir` inayovihamishia vilivyofutwa kwenye folda ya tarehe ya siku hiyo. Folda hizo tunazisafisha kwa mkono. Kuna wanaosema kwa mkono ni ushamba. Mimi kazi ya kufuta kabisa sijawahi kuiamini mikononi mwa cron.

Tukio linalonikaa kichwani kuhusu bakapu zinazodhaniwa zipo ni la GitLab, kampuni inayowahifadhia waandishi wa programu kazi zao mtandaoni, tarehe 31 Januari 2017. Mhandisi aliyekuwa amechoka usiku alifuta folda ya hifadhidata kwenye seva ambayo siyo aliyoikusudia, kama gigabaiti 300. Walikuwa na njia tano za bakapu na kunakili, na waliandika wazi wenyewe kwamba hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Waliokolewa na nakala iliyochukuliwa muda wa saa sita kabla ya hapo kwa shughuli nyingine kabisa. Kilichonigusa ni kwamba bakapu yao ya kila siku ilikuwa ikifeli na barua pepe za kutoa taarifa zilikuwa zikikataliwa njiani, hivyo ukimya ukasomeka kama salama. Ndiyo sababu skripti yetu haitumi ujumbe inaposhindwa. Inatuma inapofaulu, kila asubuhi, na majina ya folda za mwisho. Asubuhi isiyo na ujumbe ndiyo ya kuuliza.

Halafu kuna suala la mahali. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeeneza hesabu ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali. Hiyo moja ya mbali ndiyo watu wa Dar tunaipuuza, kana kwamba hatukuona mafuriko ya Desemba 2011, au Jangwani inavyozama mvua kubwa zinapokuja. Sisi tupo ghorofani, maji hayatufikii, lakini hitilafu ya umeme au mwizi hawahitaji mvua. Nilitamani nakala hiyo iende mtandaoni. Nikapiga hesabu: gigabaiti 500 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 10 kwa sekunde ni zaidi ya siku nne na nusu, mchana na usiku, bila bando kuyumba. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ya nchi nzima ikawa ya kusukuma, hata kile kidogo tulichokuwa tunapandisha kilisimama. Kwa hiyo tunagawa. Video zilizokamilika na mafaili ya mradi, ambayo ni mepesi, yanakwenda kwenye seva ya kukodi:

```
rsync -rtP --bwlimit=500 /kazi/zilizokamilika/ studio@seva:/hifadhi/
```

`-P` inabakiza kipande kilichokwisha kufika mtandao ukikatika, na `--bwlimit` inaacha intaneti kidogo kwa bosi anayepandisha vipande vya video Instagram. Malighafi za kamera zinasafiri kwa daladala. Diski moja inakaa Tabata kwa dada wa bosi, ndani ya kabati, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na karatasi yenye tarehe. Ijumaa inakwenda, nyingine inarudi. Kwa gigabaiti kwa saa, daladala ya Tabata inaishinda intaneti yetu hata kukiwa na foleni ya Ubungo.

Hapa kuna dogo la majina. Wateja wetu wana majina yenye nafasi na alama, na vijana wanaita folda wanavyotaka. Tulipopiga harusi Zanzibar, mmoja akaandika folda `Harusi Ng'ambo`. Ile alama ya juu katika ng' ni alama ya kufungulia nukuu kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri; ukiiandika hivihivi, terminali inakupa mshale na kukungojea milele ufunge nukuu. Nafasi nayo inaigawa njia kuwa mbili. Ukitumia alama za nukuu mbili pande zote inapita, ila nimeweka sheria: tarehe kwanza, mwaka, mwezi, siku, kisha jina fupi lenye vistari. `2024-08-17-ngambo`. Zikiorodheshwa zinajipanga zenyewe, na hakuna anayeniita usiku kuuliza mshale unataka nini.

Mkataba wetu unamwambia mteja kwamba tunatunza malighafi mwaka mmoja. Ukweli ni kwamba tunatunza zaidi, ila hatusemi, maana ukisema utaombwa video ya kaka yake wa 2015 bure. Diski za zamani zinakaa rafuni, na kila Januari, mwezi ambao hakuna harusi wala pesa, ninazichomeka moja moja na kuzipitisha kwenye `sha256sum -c` kwa kutumia zile alama zilizochukuliwa siku ya kwanza. Diski iliyokaa tu bila kuguswa nayo huharibika. Kutoichomeka hakuifanyi iwe salama, kunakuficha hali yake tu. Januari iliyopita diski ya mwaka 2018 ilitoa FAILED kwa mafaili mawili ya harusi moja. Nilimpigia dada wa Tabata, akaipa bodaboda diski pacha, nikayakagua hayohayo mawili kwenye nakala yake, yakawa mazima. Nikayanakili kwenye diski mpya pamoja na mengine yote, nikakagua upya, pacha ikarudi kabatini. Ile iliyochoka bosi aliiomba kwa ajili ya katuni za watoto wake, na nikamwandikia juu yake kwa kalamu nene: ISIWEKWE KAZI.